Waya wa Nne Kule Kiptere

Nimestaafu juzi tu, na vijana wa dukani wameniomba niwaandikie jinsi ya kugawa dishi moja la setilaiti kwa nyumba yenye risiva nyingi. Wanasema nimeifanya kazi hiyo kuliko fundi mwingine yeyote wa upande huu wa Kericho na Bomet. Huenda ni kweli, kwa sababu wengine waliacha mapema wakaenda kufuga kuku. Nitaandika. Lakini kila nikishika kalamu naikumbuka nyumba moja ya Kiptere, na mambo ya nyumba hiyo sijawahi kuyasema dukani. Aliyeniomba ninyamaze ameshakufa, na mke wake amesema sasa naweza. Ya vyeo na mshahara nayaruka. Dukani kwetu vyeo vilikuwa viwili, mwenye duka na mwenye ngazi, nami nimestaafu nikiwa bado na ngazi.

Nilianza kazi mjini Kericho mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka chuo cha ufundi kule kwetu Bomet. Darasa la umeme tulikuwa wasichana wawili, na mwenzangu aliolewa kabla ya mtihani. Siku ya kwanza nilikuja na sketi, maana mama alisema msichana wa kazi ya mjini huvaa sketi. Kufika saa tatu asubuhi nilikuwa juu ya mabati ya nyumba ya meneja mmoja wa shamba la chai, upepo ukifanya unavyotaka. Kutoka kesho yake nilivaa suruali.

Aliyenipandisha paa lile aliitwa Ondiek, na sisi sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, aliyekuja Kericho akiwa kijana kufanya kazi kwenye kiwanda cha majani ya chai. Akajifunza kutengeneza redio ndani ya nyumba yake ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, kisha televisheni, na madishi yalipoanza kuingia alikuwa ameshasoma vitabu vyake. Hakuweza kufanya kitu bila kukieleza. Hata akinywa chai alikueleza kwa nini anaanza na mkate. Sanduku lake la bati lilikuwa na spana tatu, dira, mita ya volti, kisu, na kipande cha mbao chenye uzi na nati, ambacho alitumia kupima dishi limeinama kiasi gani. Mwenye duka alimnunulia kifaa cha kisasa cha kupimia, Mwalimu akakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Somo lake kubwa lilikuwa maji. Huku kwetu mvua ya mawe huteremka alasiri karibu kila siku, na maji yakiingia kwenye konekta, kile kichwa cha kuungia waya, waya wote unaoza kutoka ndani. Kwa hivyo Mwalimu alikata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, akavizungusha kwenye konekta kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uulalie ule wa chini yake kama mabati ya paa. Mwishoni alifunga kwa uzi mweusi aliouvuta kwenye mshumaa. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na mizunguko yake ilienda kinyume na ya kila mtu. Nilijaribu kumwiga miaka mingi. Mikono yangu ilikataa.

Sasa kuhusu risiva nyingi. Dishi lina LNB moja, lile kopo dogo linalokaa mbele yake. Setilaiti hutuma chaneli kwa mikao miwili, zingine zimesimama na zingine zimelala. Risiva ndiyo inayoiambia LNB ishike mkao upi, na inaiambia kwa umeme unaopanda kwa waya ule ule wa picha: volti kumi na tatu kwa zilizosimama, kumi na nane kwa zilizolala. Ukiwa na risiva moja, mambo ni mazuri. Ukiunga tatu kwenye LNB moja, zote tatu zinatoa amri, na LNB hutii ile yenye volti kubwa. Sebuleni wanaangalia habari, chumbani mtu anabonyeza chaneli ya mkao mwingine, na habari za sebuleni zinapotea. Dawa ya siku zile ilikuwa splita, kile kigawanyio cha waya, ya kupitisha umeme kwa mdomo mmoja tu. Risiva ya mdomo huo ndiyo inayotawala, na zile zingine zinafuata mkao wake. Mwalimu alisema mwenye nyumba aelezwe hivyo kabla ya kazi kuanza, na aseme mwenyewe ni nani anayetawala. Nimeona ndoa zikitikisika hapo.

Mwalimu alipotea msimu wa mvua ndefu. Alikuwa anakwenda Siongiroi kumfungia dishi mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, kwa pikipiki ya duka. Ilikuwa twende wawili, lakini niliamka na homa, akaenda peke yake. Mto ulikuwa umefurika ukapita juu ya daraja. Tuliipata pikipiki siku ya tatu, imesimama wima kwenye matope kana kwamba mtu aliiegesha. Siku ya sita tukapata sanduku la bati. Yeye hatukumpata. Tulitembea kando ya mto huo siku kumi na moja.

Baada ya miezi mitatu watu wa kwao walisema hawawezi kungoja zaidi. Mke wake, Mama Awuor, alinieleza desturi yao. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, wanachukua tunda la mti wanaouita yago, tunda refu kama mkono wa mtu, wanaliweka kwenye jeneza na kulizika kwa jina lake, ili asizurure. Watu wa duka tulikwenda mazishini, kule ziwani. Tuliposhusha jeneza kwenye gari, nilishika kona moja ya nyuma. Lilikuwa jepesi mno. Lilipoinama nilisikia kitu kikibingirika ndani, polepole, mpaka kikagonga ubao wa upande wangu. Wenzangu wote waliangalia mbele. Awuor, mtoto wao wa miaka sita, aliuliza baba anagonga nini.

Miaka miwili baadaye tuliitwa Kiptere, kwa Mzee Langat. Alikuwa mkulima mwenye majani mengi na ng'ombe wa maziwa, na nyumba yake ilikaa juu kabisa ya kilima, majani yakishuka kutoka uani mpaka kwenye kijito bondeni. Alitaka risiva tatu: moja sebuleni, moja chumbani kwake, na moja kwenye nyumba ndogo ya vijana wake waliokuwa shule za bweni. Nilimuuliza nani anatawala. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. Splita ya midomo mitatu haikuwapo dukani siku hiyo, nikaweka ya midomo minne. Ule wa nne niliuziba kwa kifuniko chake, nikafungia splita ndani ya sanduku dogo la chuma chini ya paa, nikakaza skrubu. Picha ilikuwa safi. Walinipa mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, nikaondoka.

Hazikupita wiki tatu, Mzee Langat akapiga simu dukani. Alisema picha ya sebuleni inaenda kila siku saa kumi alasiri, na kila ikienda anakuja mwanamke.

Nilidhani laini ya simu ni mbovu na nimesikia vibaya. Nilipofika, mke wake, Mama Kiprotich, alinieleza vizuri zaidi. Saa kumi picha inaingia vumbi jeupe, na ndani ya vumbi hilo unatokea uso wa mwanamke anayeongea, lakini sauti yake ni upepo tu. Anakaa kama saa moja, kisha anaondoka na chaneli yao inarudi. Msichana wa kazi alikuwa amefunga nguo zake na kurudi kwao Kipkelion. Mchungaji alikuja akaomba saa tisa, picha ikawa nzuri, akaondoka ameridhika. Saa kumi mwanamke akarudi. Mama Kiprotich alisema anafanana na mke mkubwa wa mzee, aliyefariki. Mzee alisema hafanani naye hata kidogo, lakini niliona kwamba kile kiti chake kilikuwa kimesogezwa mbali na televisheni.

Mvua ya mawe ilikuwa imeanza, kwa hivyo nililaumu maji. Nilipanda kwenye dishi, nikabadilisha konekta ya LNB, nikafunga upya. Sanduku la splita sikulifungua. Nililifunga mimi mwenyewe, na niliiamini kazi yangu. Vijana, hapo ndipo nilipokosea, na mimi si fundi wa kwanza kukosea hapo. Sanduku ulilolifunga mwenyewe ndilo unalofungua kwanza.

Mzee alipiga tena siku mbili baadaye. Safari hii nilikwenda mapema nikakaa nao sebuleni. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na madirisha yalikuwa meupe. Saa kumi na dakika chache, mtu aliyekuwa akisoma habari alikatika katikati ya neno. Vumbi likajaa, na ndani yake nikamwona. Uso ulikuwa umeinama kidogo, midomo ikienda bila haraka, kama mtu anayemweleza mtoto jambo. Niseme kweli, nilijua ni nini. Ilikuwa chaneli ya mkao mwingine ikipita kwenye namba ile ile, mtangazaji wa nchi fulani ambaye hajawahi hata kusikia Kiptere. Nilijua, na bado nywele za shingo zilinisimama, kwa sababu mkao haubadiliki wenyewe. Lazima mtu aagize.

"Fundi," Mzee Langat alisema bila kugeuza kichwa, "kwa hii nyumba tuko watatu tu, na wewe ukiwemo. Hiyo kitu inashikwa na nani?"

Nilikwenda chumbani kwake nikachomoa risiva. Nikaenda nyumba ya vijana, nikachomoa ya huko. Mwanamke aliendelea kuongea. Nikarudi sebuleni nikachomoa hata risiva inayotawala, televisheni ikawa nyeusi, na Mama Kiprotich akapumua. Sasa nyumba nzima haikuwa na kitu chochote cha kutoa umeme. Nikachukua mita, nikapanda ngazi mpaka kwenye dishi, nikafungua waya wa LNB, nikaugusa.

Volti kumi na nane.

Niliiondoa mita, nikaipangusa, nikagusa tena. Kumi na nane. Nimeshika nyaya nyingi zilizokufa ambazo zilitakiwa kuwa hai. Huu ulikuwa wa kwanza wa namna hiyo kuwa hai wakati ulitakiwa kuwa umekufa.

Hapo ndipo niliporudisha waya wa LNB, nikahamisha ngazi na kufungua sanduku la chuma. Splita ndani yake haikuwa yangu. Ilikuwa ya zamani, ya aina inayopitisha umeme kwa midomo yote, ambayo duka letu liliacha kuiuza. Kwenye mdomo wa nne kulikuwa na waya. Ulitoka nyuma ya sanduku, ukashuka kando ya bomba la maji ya mvua, umepakwa rangi ile ile ya ukuta. Konekta yake ilikuwa imevishwa tyubu ya baiskeli kuanzia chini kwenda juu, ikafungwa kwa uzi mweusi wenye nta. Niliufuata mzunguko kwa kidole. Ulikwenda kinyume.

Sikumbuki nilikaa kwenye ngazi ile muda gani. Nilikuwa nimelisikia lile tunda likibingirika. Nilikuwa nimetupa udongo wangu kama wengine. Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga, kwamba mtu aliyekufa amekuja kukagua kazi yangu na kukuta haifai.

Sikumwambia Mzee Langat. Nilisema nafuata waya, jambo ambalo lilikuwa kweli. Chini ya bomba waya uliingia ardhini. Nilichimba kwa kisu nikaupata, kina cha kiganja kimoja, ukielekea kwenye majani. Nikaushika na kuuvuta juu kidogo kidogo huku nikitembea, na udongo ukawa unapasuka mbele yangu kwa mstari ulionyooka, kati ya safu na safu, kushuka bondeni. Kulikuwa kimya. Wachumaji walikuwa wamepeleka majani mizani, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka nikawa naona mistari mitatu tu ya majani kila upande. Mahali fulani mbele yangu nilisikia mwanamke akiongea. Ilikuwa sauti safi, bila vumbi, kwa lugha nisiyoijua.

Waya uliishia kwenye nyumba ya pampu. Mzee Langat alikuwa na pampu ya kupandisha maji kutoka kijito, na mtu wa kuiangalia. Niliwahi kusikia akitajwa. Walimwita Siongiroi kwa sababu alitokea huko, mtu mwenye mguu mbaya, asiyeongea, aliyechukua maziwa yake langoni na kurudi chini. Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani niliona televisheni ndogo juu ya kreti, na risiva isiyo na kifuniko, imeungwa kwa vipande vya risiva nyingine. Mtu alikuwa amekaa mbele yake akinipa mgongo.

"Mwalimu," nilisema.

Hakugeuka. Nikamwita tena, kwa jina lake lote. Mabega yake yalitikisika kidogo, lakini hakuitika.

"Usiniite hilo," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka upande mmoja wa mdomo. "Hilo lilizikwa. Nikiitika, nitakuwa nimekuitikia kutoka huko."

Nikakaa chini mlangoni. Alizima televisheni, na akiwa bado amenipa mgongo akanieleza. Mto ulimchukua ukampiga kwenye mawe, ukamtupa mbali sana chini, kwa watu wanaochunga ng'ombe. Mguu ulivunjika mahali pawili, na taya pia. Bibi mmoja mzee anayeunga mifupa alimkalisha nyumbani kwake. Kwa miezi miwili hakuweza kutamka neno, na homa ilimfanya asijue hata yuko wapi. Alipoweza kuongea alimtuma mchuuzi wa ng'ombe afikishe habari kwao. Mchuuzi alipofika karibu na boma alikutana na watu wakitoka mazishini. Akauliza ni ya nani, akatajiwa jina lile lile alilotumwa nalo. Hakuingia. Alirudi akamwambia Mwalimu kwamba amezikwa Jumamosi.

Alipopona alikwenda mwenyewe kuona. Alifika jioni mpaka kwenye ua wa nje. Kwa imani ya watu wake, aliyezikwa haingii tena langoni. Akiingia anawaletea kifo walio ndani. Alisema yeye ni mtu wa kanisa na hizo imani hazimsumbui.

"Lakini nilimwona mama yangu amekaa karibu na kaburi langu, anang'oa nyasi," alisema. "Na Awuor alikuwa hapo kwa likizo, anakohoa. Nikafikiria, nikiingia leo na kikohozi hicho kiwe kibaya kesho, watasema ni mimi. Hata mimi nitasema ni mimi. Nikashindwa kupita."

Akaenda kukaa Siongiroi, na baadaye akasikia kuna mzee wa Kiptere anatafuta mtu wa pampu, mahali pa pekee, watu wachache. Alikuwa hapo zaidi ya mwaka siku niliyokuja na dishi. Aliniona nikipanda paa. Alisema nilikuwa bado napanda vibaya, nikianza na mguu wa kulia.

Nilimuuliza kwa nini alijiwekea televisheni. Akasema watu wa kwenye televisheni walikuwa watu pekee walioongea mbele yake bila yeye kuwadanganya. Pale pampu ilihitaji kuangaliwa asubuhi na jioni, na saa kumi alikuwa huru. Nikamuuliza kwa nini alibadilisha splita yangu.

"Kama ningetaka kuiba picha tu, ningeiacha yako," alisema. "Mimi siwezi kumwita mtu. Nikaona picha inaweza kukuita."

Ndipo akageuka. Uso ulikuwa umepinda, nywele zimekuwa nyeupe. Macho yalikuwa yale yale ya mtu anayetaka kukueleza jambo.

Aliniomba nisiseme neno dukani. Nilipanda tena kwenye nyumba kubwa jioni ile nikaweka splita yangu, na mdomo wa nne nikauacha na waya wake. Sasa risiva yake ingefuata mkao wa sebuleni bila kuusumbua. Kesho yake niliandika kwenye kadi ya kazi kwamba panya walikula waya. Ndiyo kadi pekee ya uongo niliyoandika katika kazi yangu yote. Mwanamke hakurudi tena sebuleni, Mama Kiprotich akamshukuru mchungaji, na mimi sikubishana naye.

Kwa Mama Awuor nilikwenda Jumamosi. Alikuwa bado anaishi kwenye laini za kampuni ya chai, akifanya kazi ya kuchuma. Shemeji zake walikuwa wanamtaka arudi ziwani arithiwe na mmoja wao, kama desturi yao kwa mjane, na kila mwezi alitoa sababu mpya. Nilimkuta akichambua mboga, nikamwambia yote kwa mara moja, maana sikujua njia nyingine. Aliendelea kuchambua. Alimaliza fungu, akaanza lingine.

"Anakula?" aliuliza.

Nilisema sikumwona akila.

"Kumwona na kumsikia si kitu. Hata mimi namsikia. Namsikia kila siku akifungua mlango." Akapangusa mikono. "Kesho baada ya kanisa utanipeleka."

Tulikwenda wawili. Kwa Mzee Langat nilisema nakagua waya na nimekuja na msaidizi. Mama Awuor alibeba spana zangu kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine, akateremka kwenye safu za majani bila kuangalia kando. Alasiri ilikuwa nyeupe tena. Mbele ya nyumba ya pampu alisimama mbali, hatua kumi hivi, akaweka kikapu chini. Mwalimu alitoka akiburuta mguu, akasimama karibu na ukuta. Hawakusalimiana. Nilitaka kuondoka, lakini mama alinishika mkono akanizuia.

Alitoa sahani ya bati yenye ugali na omena, dagaa wa kwao ziwani, akaiweka juu ya jiwe katikati yao, akarudi nyuma pale pale aliposimama. Mwalimu aliitazama sahani, akamtazama yeye, akaelewa. Alinawa kwa maji ya pampu, akakaa kwenye jiwe na sahani mapajani, akamega kwa mkono wa kushoto.

Sijawahi kumwona mtu akitazamwa akila namna ile. Kila tonge, macho ya mama yalilifuata kutoka sahani mpaka mdomoni, kutoka mdomoni mpaka kooni. Taya lilimsumbua, akatafuna polepole upande mmoja. Mara moja alipaliwa, akakohoa, akajipiga kifua, na nilimwona mama akipiga hatua mbele bila kujua. Mawe ya mvua yalianza kugonga bati, madogo, kisha makubwa. Hakuna aliyeingia ndani. Alikula ugali wote na omena wote, akapitisha kidole kwenye sahani, akalamba, kama alivyofanya siku zote dukani mpaka mwenye duka akachukia.

Mama Awuor alizimaliza hatua zilizobaki. Hakumgusa. Alichukua sahani mapajani mwake, akaiangalia kwamba ni tupu kweli, akaigeuza juu chini.

"Bado ni mimi wa kuosha," alisema.

Akaenda kwenye bomba la pampu akaosha, mgongo ukiwa kwetu, kwa muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Tulipokuwa tunapanda, nilimuuliza atawaambia nini watu. Alisema atawaambia amepata mtu wa pampu. Shemeji zake wangekasirika, na baada ya hasira wangemwacha. Kule ziwani kaburi lingebaki lilivyo, na mtu huyu hangevuka tena kwenda upande ule. Nilimwambia kwamba hapa watu wanamwita Siongiroi.

"Hilo ni jina la soko," alisema. "Mimi nitakaa na mtu mwenye jina la mtu. Nitampa jipya, lisilozikwa."

Alihamia Kiptere kabla ya shule kufunguliwa, yeye na Awuor. Mzee Langat alifurahi kwa sababu mtu wa pampu aliyeoa hahami. Awuor aliambiwa ukweli alipokuwa mkubwa. Anasema alijua siku ya kwanza, lakini aliona watu wazima wanapenda kuficha, akawaachia.

Miezi michache baadaye upepo ulilegeza dishi, nikatumwa kukaza bolti. Nilikuwa juu ya ngazi, ukungu umefunika bonde lote, sioni hata mti. Kutoka chini huko nilisikia Mama Awuor akiita mara moja tu, bila haraka.

"Yona! Ugali unapoa."

Na ndani ya ule weupe, mtu akaitika.